Mwewe, Bundi na Tumbusi: Ndege Tunaowaua Bila Kuwajua

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, wilaya za Karagwe na Kyerwa. Limepigwa chapa ili lisomwe darasani baada ya kusikilizwa.

  Kila mmoja na awe na daftari na kalamu, kwa maana leo tutafanya hesabu kidogo, na mwisho wa somo nitawapa kazi ya nyumbani. Wewe unayeisoma karatasi hii bila redio, soma polepole. Ukikuta hesabu, usiiruke.

Leo tutazungumza habari za ndege wanaokula nyama: mwewe, kipanga, tai, bundi na tumbusi. Najua wengi wenu hamwapendi. Mama aliyefungulia vifaranga kumi na wawili asubuhi, na jioni akahesabu tisa, hawezi kumsifu mwewe. Nami sitawaambia kwamba mwewe hali vifaranga. Anakula. Lakini hasira ya vifaranga watatu imewafanya watu wengine kushika njia ambayo ni mbaya kuliko mwewe mwenyewe, nayo ni njia ya sumu.

Tuchukue mfano. Mfano huu nimeutunga mimi, lakini kila kipande chake ni jambo linaloweza kutokea katika kibanja chochote.

Bwana mmoja amechoka na mwewe. Ana dawa ya wadudu iliyobaki alipopulizia kahawa. Anachukua utumbo wa mbuzi, anaupaka dawa ile, anauweka juu ya kichuguu kando ya migomba, kisha anakwenda zake. Sasa fikiri wewe mwenyewe: ni nani atakayeuona utumbo ule? Mwewe ataona, ni kweli. Lakini mbwa wa jirani atausikia harufu kabla ya mwewe kushuka. Mbwa akila kidogo, atauburuta mwingine mpaka uani kwao, mahali watoto wanapocheza. Nzi watatua. Funza watatokea, na kuku wa bwana yule yule, ambao alitaka kuwalinda, watakwenda kudonoa wale funza. Mvua ikinyesha, dawa itatelemka bondeni, na bondeni ndiko wanawake wanakochota maji. Na ikiwa mwewe amekula akafa, atakuja mnyama mwingine kumla mwewe, naye atakufa.

Sumu haina macho. Bunduki hulenga, mtego hukaa mahali pamoja, lakini sumu hutoka kinywa hadi kinywa, na aliyeiweka hajui itakakosimama.

Kwa hiyo shikeni jambo hili kwanza, kabla ya habari za ndege. Ukikuta nyama imelala mahali pa ajabu, au ukikuta ndege wawili watatu, mbwa au fisi wamekufa pamoja bila jeraha, usiguse kwa mkono. Usichukue nyama wala manyoya. Fukuza mbwa, zuia watoto, mwache mtu mmoja alinde, na mwingine akimbie kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Wao watampasha habari afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye zamani watu walimwita Bwana Nyama. Na kama mtu amekula au ameshika dawa, akaanza kutoka mate mengi, kutapika au kutetemeka, mpelekeni zahanati mara moja, na chupa au pakiti ya dawa ile ichukuliwe pia ili mganga aisome. Msingoje mpaka asubuhi.

Sasa tutazame sheria, kwa ufupi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, haihesabu nyati na tembo peke yao. Ndege wa porini wamo, na hata mayai yao yamo. Sheria hiyo yasema kwamba wanyamapori ni mali ya umma, na Rais amekabidhiwa kuwashika kwa niaba ya wananchi wote. Kuwaua bila kibali ni kosa, na kuwaua kwa sumu ni njia iliyokatazwa. Watu wa Karagwe na Kyerwa wanakaa karibu sana na hifadhi. Mwaka 2019 mapori ya Ibanda na Rumanyika yalifanywa kuwa Hifadhi za Taifa, yakaitwa Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na mwaka huo huo ikawekwa Burigi-Chato. Ng'ambo ya mto Kagera iko hifadhi ya Akagera, nchini Rwanda. Ndege haulizi mpaka uko wapi. Aliyelala Akagera usiku aweza kula Kyerwa mchana.

Baada ya sheria, tuwajue ndege wenyewe. Kosa letu kubwa ni kuwaita wote mwewe, kisha kuwahukumu wote kwa kosa la mmoja.

Mwewe ni yule wa rangi ya kahawia mwenye mkia uliopasuka kama panda. Huzunguka juu ya masoko na machinjio, huokota mabaki, na akipata nafasi hushuka uani akachukua kifaranga. Wapo pia vipanga wa msituni ambao hukaa kimya ndani ya miti na kutokea ghafla. Hawa ndio wenye kesi na kuku wako.

Lakini tazama juu ya mkaratusi, au juu ya nguzo kando ya barabara. Mara nyingi utamwona ndege mweusi, amekaa wima, ana kishungi kirefu kichwani kinachopepea kwa upepo. Huyu ni tai mdogo. Watoto humpiga kwa manati kwa sababu hukaa mahali pa wazi, tena haogopi upesi. Je, anatazama nini pale juu kutwa nzima? Anatazama panya. Chakula chake karibu chote ni panya. Mtu anayemuua ndege huyu kwa ajili ya vifaranga vyake amemfunga mlinzi akamwacha mwizi.

Yuko mwingine mdogo, mweupe tumboni, mwenye mabega meusi na macho mekundu, ambaye husimama hewani akipiga mabawa juu ya shamba la maharage kana kwamba ametundikwa kwa uzi. Naye anatafuta panya. Na kule kwenye maziwa na mto Kagera yuko furukombe, yule mwenye kichwa cheupe na sauti kubwa, ambaye riziki yake hasa ni samaki.

Hapa sasa fungueni madaftari.

Panya wa shambani huzaa mara nyingi. Mimba yake ni wiki tatu na siku kidogo, na kwa uzao mmoja aweza kutoa watoto kumi au zaidi. Tuseme kila panya anakula gramu 5 za nafaka kwa usiku mmoja. Panya mmoja si kitu. Lakini panya 1,000 wanakula gramu ngapi? Zidisha 1,000 kwa 5. Utapata gramu 5,000, yaani kilo 5 kwa usiku mmoja. Debe la mahindi ni karibu kilo 20. Gawanya 20 kwa 5. Debe lako limekwisha kwa usiku nne. Na hapo hatujataja yale wanayoyatoboa, wanayoyakojolea na wanayoyaburuta mashimoni.

Tena panya si adui wa chakula tu. Wazee wa mkoa huu walijua zamani ubaya wake. Mwishoni mwa karne ya 19 tauni iliua watu huko Kiziba, kaskazini ya Bukoba, na mwaka 1898 daktari Mjerumani Robert Koch alieleza kwamba ugonjwa ule ulikuwa tauni hasa. Tauni huletwa na viroboto wa panya.

Sasa wekeni hesabu ya pili chini ya ile ya kwanza. Bundi mweupe, yule mwenye uso kama moyo, ambaye hukaa darini na katika mashimo ya miti, hula panya watatu au wanne kwa usiku. Tumpunguzie, tuseme watatu. Kwa mwezi wa siku 30, zidisha 3 kwa 30. Ni panya 90. Kwa miezi 12, zidisha 90 kwa 12. Ni panya 1,080. Huyo ni bundi mmoja. Na bundi mwenye makinda huwinda zaidi, kwa sababu makinda hawashibi.

Nasikia mtu mmoja darasani anasema, "Mwalimu, hayo ya panya ni sawa, lakini bundi ni ndege wa uchawi. Akilia juu ya nyumba, mtu atakufa."

Sitamcheka mtu huyo. Maneno hayo tumeyasikia tangu utoto, nami nikiwa mdogo nilijifunika shuka kichwani bundi alipolia. Lakini tuulize kwa utaratibu. Bundi hulia karibu kila usiku, mahali fulani. Je, ni nani anayemsikia? Mwenye afya amelala, hamsikii. Anayemsikia ni yule aliye macho, na usiku wa manane aliye macho ni nani? Ni yule anayeuguza. Amekaa kando ya kitanda, taa inawaka, moyo una hofu, na ndipo anaposikia sauti ile juu ya paa. Mgonjwa akipona, sauti husahauliwa. Mgonjwa akifa, sauti hukumbukwa miaka mingi. Basi bundi hakuleta mauti. Alikuwapo tangu jana na juzi, kwa kuwa nyumba ina ghala, ghala lina mahindi, na mahindi yana panya.

Fikiri jambo hili kwa siku chache kabla ya kulikataa au kulikubali. Na wakati unafikiri, mwachie bundi maisha yake.

Iko hatari nyingine ya bundi ambayo haitokani na chuki. Ni sumu ya panya ndani ya nyumba. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutembea ovyo, hutoka nje, na bundi humkamata kwa urahisi kuliko wengine. Hivyo sumu huingia kwa bundi, naye hufa bila mtu kumkusudia. Ni afadhali mtego wa panya, na ghala lililoinuliwa juu ya nguzo zenye vizuizi vya bati, na paka. Ukilazimika kutumia sumu, okota panya waliokufa kila asubuhi, uwazike chini sana.

Sasa twende kwa tumbusi. Huyu hamwoni kila siku kijijini, lakini habari zake ni za kusikitisha kuliko zote, na ningependa mzisikilize kwa makini.

Tumbusi hawindi. Hungoja mnyama afe. Watu humdharau kwa ajili hiyo, na kwa ajili ya shingo lake lisilo na manyoya. Lakini shingo lile lipo ili damu isigande juu ya manyoya anapoingiza kichwa katika mzoga. Na tumboni mwake mna asidi kali mno, ambayo huua vijidudu vingi vya maradhi. Ng'ombe aliyekufa porini, tumbusi wakifika wengi, hubaki mifupa kwa muda mfupi. Wasipofika, mzoga hukaa siku nyingi, na mbwa, fisi na nzi hugawana ule uchafu na kuutawanya.

Katika India jambo hili lilionekana wazi. Tangu miaka ya 1990 tumbusi walikufa kwa wingi, mpaka aina moja iliyokuwa na ndege wengi sana ikabakiwa na wachache kuliko wawili katika kila mia. Sababu ilikuwa dawa moja ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi akila mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa kwa dawa ile, figo zake huharibika. Serikali ya India ilikataza dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Lakini kwa wakati ule mizoga ilikuwa imebaki kwa mbwa, mbwa wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikaua watu wengi.

Sasa kwa nini tumbusi hufa wengi kwa mara moja? Ni kwa sababu ya namna wanavyotafuta chakula. Tumbusi hatumii pua, hutumia macho. Huruka juu sana, mbalimbali, kila mmoja akimwangalia mwenziwe. Mmoja akishuka, wa pili humwona akashuka, wa tatu akamwona wa pili, na habari huenea angani kilomita nyingi bila sauti. Desturi hii imewalisha tangu zamani. Lakini mzoga ukiwa na sumu, desturi hiyo hiyo huwaita wote mautini. Mwezi wa Juni mwaka 2019, katika nchi ya Botswana, majangili waliua tembo watatu na mizoga ikatiwa sumu. Walikufa tumbusi 537, na tai wawili pamoja nao.

Wengine wenu mtauliza, jangili ana ugomvi gani na tumbusi? Ugomvi wake ni huu: tumbusi wakizunguka juu, askari wa wanyamapori huona, akajua pana mzoga. Tumbusi ni mashahidi. Jangili huwaua mashahidi.

Na Botswana ni mbali, tuje karibu. Mwezi wa Machi mwaka 2021, huko Ishasha, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, walikutwa simba sita wamekufa, wamekatwa vichwa na miguu. Kando yao walikutwa tumbusi wanane wamekufa, na kwa sababu hiyo maofisa wakashuku sumu. Kutoka Murongo hadi Ishasha, kwa ndege arukaye, si zaidi ya safari ya siku moja. Tumbusi waliokufa kule huenda walikuwa wakipita juu ya mabonde ya Kagera wiki iliyotangulia.

Hesabu ya tatu, nayo ni fupi. Kuku wako hutaga mayai kumi na mawili, akaatamia siku 21, ukapata vifaranga. Tumbusi hutaga yai moja. Moja tu, kwa mwaka. Huatamia karibu wiki nane, na kinda hukaa kiotani miezi minne hivi. Kinda yule hatazaa mpaka apate miaka mitano au zaidi. Basi ukiua tumbusi ishirini kwa mzoga mmoja, itakuchukua muda gani kuwarudisha? Jibuni ninyi wenyewe. Wataalamu walioandika mwaka 2015 walisema kwamba, kwa muda wa miaka 30 hivi, tumbusi wa Afrika walipungua kwa wastani wa asilimia 62. Maana ya asilimia 62 ni hii: palipokuwa na ndege mia, sitini na wawili hawapo, wamebaki thelathini na wanane. Na zaidi ya nusu ya vifo walivyoviandika vilitokana na sumu.

Wenye ng'ombe wanielewe. Fisi au chui akila ndama wako, uchungu wake naujua. Lakini ukitia sumu katika mabaki ya ndama ili umpate fisi, yule fisi huenda asirudi kabisa, na tumbusi watakuja mchana kweupe. Zizi lenye miiba mizito, mbwa wa kulinda, na ndama kurudishwa mapema ni kazi, sikatai. Taarifa kwa afisa wanyamapori nayo hukawia wakati mwingine. Hata hivyo kazi na kukawia vina mwisho.

Nakuja kwa vifaranga, maana najua mama yule wa vifaranga tisa bado anangoja jibu.

Mwewe huchukua vifaranga wadogo. Akishakuwa mkubwa kiasi, kuku si mzigo wa mwewe tena. Kwa hiyo ulinzi unatakiwa hasa wiki nane za kwanza. Wafungie vifaranga na mama yao chini ya tenga kubwa, au katika kibanda cha fito kilichozungushiwa wavu, na wape chakula na maji humo humo. Ukiwafungulia, wafungulie karibu na vichaka au chini ya migomba, si uwanjani penye jua, kwa sababu kifaranga asiye na mahali pa kukimbilia amekwisha kuliwa. Utumbo na mabaki ya nyama usiyatupe uani. Ndiyo yanayomwita mwewe. Akija kwa utumbo ataona na kifaranga.

Tena mama huyo na ahesabu vizuri. Akikosa kuku, atazame kwanza kama ni mwewe kweli. Kicheche na paka-mwitu huja usiku. Na muuaji mkubwa kuliko wote ni kideri, ambaye haonekani. Kideri akiingia, banda zima hulala. Chanjo yake ni tone moja la jicho kwa kila kuku, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na afisa mifugo wa kata atakuonyesha. Nadhani mwewe amebeba lawama nyingi za kideri, kwa sababu mwewe tunamwona kwa macho na kideri hatumwoni.

Muda wetu unakwisha. Hii ndiyo kazi ya nyumbani.

Bundi hawezi kuyeyusha manyoya na mifupa. Baada ya kula, huyatapika kama tonge dogo gumu, ukubwa wa kidole gumba. Wiki hii tafuta matonge hayo chini ya mti mkubwa, au chini ya paa la ghala, kanisa au shule ya zamani. Usiyashike kwa mkono mtupu. Yaloweshe katika kopo la zamani ambalo halitatumika tena kwa chakula, kisha yafungue kwa vijiti viwili, ukanawe mikono kwa sabuni. Ndani utaona mafuvu madogo yenye meno marefu ya mbele. Hayo ni ya panya. Hesabu mafuvu uliyoyapata katika kila tonge. Andika katika daftari mahali ulipoyaokota, tarehe, na idadi. Asiyepata tonge aandike ndege aliowaona juu ya miti na nguzo kati ya nyumbani kwake na darasani, na saa aliyowaona. Mwalimu wa darasa atakusanya madaftari siku ya Alhamisi, na katika somo lijalo tutajumlisha hesabu zenu pamoja.

Kwa herini.